Mkono wa Chuma Juu ya Ngazi

Asubuhi moja mwanzoni mwa Juni 1764, bwana mmoja wa Kiingereza wa miaka 46 aliamka nyumbani kwake Twickenham, kando ya mto Thames, akakuta ndoto ya usiku imemtoka karibu yote. Kilichobaki kichwani ni kipande kimoja tu. Alikuwa ndani ya ngome ya kale, na juu kabisa ya ngazi kuu, kwenye kikingio cha kushikia, aliona mkono mkubwa kuliko wa binadamu yeyote, umevikwa deraya ya chuma. Ni mkono tu. Mwenye mkono hakuonekana.

Jioni akaketi mezani akaanza kuandika, hata hajui anataka kusema nini. Haikutimia miezi miwili, riwaya ikawa imekwisha. Baadaye alimweleza rafiki yake, kasisi William Cole, kwamba siku moja alishika kalamu saa kumi na mbili jioni, baada ya chai, asiiweke chini mpaka saa saba na nusu usiku. Vidole vilichoka hata sentensi ikamshinda kuimaliza, akawaacha wasichana wawili wa hadithi yake, Matilda na Isabella, wakizungumza katikati ya aya.

Jina lake Horace Walpole, na kitabu ni The Castle of Otranto. Riwaya ya kutisha, ile ya jumba kuukuu lenye ngazi za giza, milango inayojifunga na picha za mababu zinazotazama watu, imeanzia hapo. Aliyekulia pwani yetu, akakatazwa utotoni kupita penye gofu magharibi ikiingia, hahitaji kuelezwa kwa nini jumba bovu linatia hofu. Lakini Walpole alikuwa na jibu lake kuhusu hofu hiyo, na kwangu mimi jibu hilo ndilo lililokifanya kitabu chake kizae vingine vingi namna ile. Popo na giza ni mapambo. Kinachotisha ni swali moja ambalo wenyeji wa jumba hawataki liulizwe: nyumba hii ni ya nani?

Swali hilo Walpole alizaliwa nalo. Alikuwa kitinda mimba wa Robert Walpole, mtu aliyeitawala siasa ya Uingereza tangu 1721 hadi 1742 na anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo. Kabla ya hapo, mwaka 1712, Robert alikuwa amefungwa katika Mnara wa London kwa kosa la ufisadi. Alitoka, akapanda, akatajirika. Alipotajirika akajenga. Huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, alisimamisha Houghton Hall kwa mawe yaliyosafirishwa kwa meli kutoka Yorkshire, akalijaza michoro ya mabingwa wa Italia, Uholanzi na Flanders. Kijiji cha Houghton kilikuwa kinaharibu mandhari ya bustani. Kikabomolewa, wanakijiji wakajengewa nyumba nje ya lango. Kanisa la kijiji liliachwa mahali pake, peke yake katikati ya nyasi, na makaburi yake.

Robert alikufa mwaka 1745, akaacha jumba, michoro na madeni mazito. Jumba lilikwenda kwa mwana wa kwanza, kama ilivyo desturi ya makabaila. Horace, kwa kuwa wa mwisho, hakupata jumba. Alichopata ni mapato ya vyeo vya serikali ambavyo baba yake alimpatia angali kijana, vyeo vya hazina ambavyo kazi yake ilifanywa na wengine na fedha ikaja kwake. Aliishi kwa fedha hizo maisha yake yote, akijua vizuri zilikotoka.

Mwaka 1747 alipanga kijumba kidogo Twickenham kutoka kwa Bi Chenevix, mwenye duka la vikorokoro vya anasa jijini London, na miaka miwili baadaye akakinunua. Katika hati za zamani za kiwanja alikuta jina Strawberry Hill, akalirudisha. Kisha akafanya jambo lililowashangaza watu wa hadhi yake. Wakati matajiri wenzake walijenga kwa nguzo za Kigiriki na Kirumi, nyumba zenye ulinganifu kama Houghton, yeye aliamua nyumba yake ifanane na jengo la miaka 400 kabla ya hapo: minara, madirisha yaliyochongoka juu, vioo vya rangi, kuta zenye meno kama za ngome. Mtindo huo uliitwa wa Kigothi, kwa jina la Wagothi, makabila ya kaskazini yaliyoivamia Roma. Kwa wasomi wa zama zile neno hilo lilikuwa karibu na tusi. Lilimaanisha ushamba na enzi za giza.

Pamoja na rafiki zake John Chute na Richard Bentley aliunda kile walichokiita kamati ya ladha, wakawa wanapekua vitabu vya picha za makanisa na kuchagua. Meko ya maktaba yalinakiliwa kutoka kaburi la mwana wa mfalme, John wa Eltham, lililoko Westminster Abbey. Meko ya chumba kingine yalitokana na kaburi la askofu mkuu huko Canterbury. Fikiria hapo kidogo: moto unawaka mahali ambapo kwenye jengo la asili amelala maiti, na wageni wananyosha miguu yao wapate joto. Dari la ukumbi mrefu liliiga lile la kanisa la Mfalme Henry wa Saba, lenye mbavu za mawe zinazofunguka kama pepeo. Ila hapa hapakuwa na jiwe. Lilikuwa karatasi iliyorowekwa, ikapondwa na gundi, ikafinyangwa na kupakwa dhahabu. Sehemu nyingi za kuta zilikuwa fito na lipu. Meno ya kuta yalioza kwa mvua hata watu wakasema Walpole ameyazika mara tatu.

Juu ya ngazi alitundika silaha za kale: panga, pinde, podo na mishale. Kwa hiyo mkono ule wa ndotoni haukutoka mbali. Ulishuka kutoka ukutani kwake.

Kuna jambo jingine lililokuwa likimsumbua mwaka ule wa 1764. Binamu yake na rafiki wa moyo, Jenerali Henry Conway, alikuwa amenyang'anywa kikosi chake cha jeshi na kuondolewa katika utumishi wa mfalme mwezi Aprili, kwa sababu tu alipiga kura Bungeni dhidi ya serikali. Swali lilikuwa kama serikali ina haki ya kutoa hati za kukamata watu bila kutaja majina yao. Walpole, naye mbunge, alikasirika sana. Aliandika kijitabu cha kumtetea Conway katika majira yaleyale alipokuwa akiandika Otranto. Mtawala anayetumia nguvu asizostahili kuwa nazo hakuwa mtu wa kubuni kwake. Alikuwa akipambana naye mchana, na usiku akimwandika.

Hadithi inaanza kwa harusi. Manfred, mtawala wa Otranto, anamwoza Conrad, mwana wake wa pekee wa kiume, kijana wa miaka 15 mwenye afya mbovu. Watu wamekusanyika kanisani, bwana harusi haonekani. Mtumishi anatumwa kumwita, anarudi mbio akitoka povu, hasemi neno, ananyosha kidole uani. Huko kijana amelala amepondwapondwa chini ya kofia ya vita ya chuma, kubwa mara 100 kuliko ya kawaida, yenye manyoya meusi. Hakuna ajuaye imetoka wapi. Mkulima mmoja kijana anathubutu kusema inafanana na ile iliyo kichwani mwa sanamu ya marumaru nyeusi ya Alfonso, mtawala wa zamani. Watu wanakimbilia kanisani kuangalia. Sanamu haina kofia.

Manfred hamlilii mwanawe. Anaulilia ukoo. Kuna utabiri wa kale kwamba ngome itatoka mikononi mwa ukoo wake siku mwenyewe wa haki atakapokuwa mkubwa hata asienee ndani yake. Usiku uleule anaamua kumwacha mkewe Hippolita amwoe Isabella, msichana aliyekuwa awe mkwewe. Isabella anakimbia kwa njia ya chini kwa chini, taa yake inazimwa na upepo, naye anapapasa ukuta gizani huku akisikia mtu anapumua. Wasichana waliokimbia hivyo vitabuni na kwenye sinema tangu siku hiyo hawahesabiki. Wote wanafuata nyayo zake.

Kisha mzimu unajitokeza vipande vipande. Mguu wenye deraya katika ukumbi. Upanga unaobebwa na watu 100. Picha ya Ricardo, babu yake Manfred, inashusha pumzi, inatoka kwenye fremu na kutembea. Na ule mkono wa ndotoni je, Walpole alimpa nani auone? Hakumpa mtawala wala shujaa. Alimpa Bianca, kijakazi, aliyekuwa akipanda ngazi, akainua macho, akauona juu ya kikingio. Anakuja mbele ya mabwana anatetemeka, maneno yanamtoka ovyo. Manfred anatafuta njia ya kumnyamazisha.

Nimesoma wahakiki wanaouhesabu uamuzi huo kama ucheshi, kwa sababu watumishi wa Walpole huongea sana na kuchekesha. Mimi naona ndani yake ukweli mzito. Mguu pia uliwatokea watumishi kwanza. Katika nyumba yoyote kubwa, anayejua nani aliumia na nini kilifichwa chini ya sakafu ni yule anayefagia sakafu hiyo. Mwenye nyumba amejizoeza kutoona.

Kilichofichwa Otranto kinatoka mwishoni. Manfred, akidhani anamshika Isabella kwenye kaburi la Alfonso, anamchoma kisu binti yake mwenyewe, Matilda. Kuta zinaporomoka nyuma yake na umbo la Alfonso linasimama juu ya magofu, kubwa kuliko ngome. Hapo ndipo anakiri. Ricardo alikuwa mtumishi wa Alfonso. Alimpa bwana wake sumu walipokuwa Nchi Takatifu, akaghushi wasia, akarithi. Mkulima yule kijana, Theodore, ndiye mrithi wa haki. Kwa hiyo mzimu haukuja kula watu. Ulikuja kudai hati ya nyumba.

Walpole hakuthubutu kukitia kitabu jina lake. Nyumbani alikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa tangu 1757, lakini kitabu hiki alikipeleka kwa mchapaji wa London, nakala 500, zikatoka 24 Desemba 1764. Jalada lilidai kimetafsiriwa na William Marshal kutoka Kiitaliano cha Onuphrio Muralto, kasisi wa Otranto, na dibaji ikaongeza kwamba kilikuwa kimechapwa Naples mwaka 1529 na kupatikana katika maktaba ya familia ya Kikatoliki kaskazini mwa Uingereza. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli. Mshairi Thomas Gray aliandika kutoka Cambridge kwamba wasomi wa huko wengine wametokwa na machozi na wote sasa wanaogopa kwenda kulala. Nakala ziliisha, na katika toleo la pili, Aprili 1765, Walpole akakiri kwa herufi za jina lake na kuongeza maneno yaliyokuja kuwa jina la aina nzima ya fasihi: hadithi ya Kigothi. Gazeti la Monthly Review, lililokuwa limekisifu kikidhaniwa cha kale, lilikigeuka. Upuuzi wa enzi za giza, lilisema, unasameheka ukiandikwa na watu wa enzi hizo, si na mtu wa zama za elimu.

Ngome yenyewe ya Otranto hakuijua. Alichukua ramani ya kusini mwa Italia akatafuta jina linalosikika vizuri. Miaka zaidi ya 20 baadaye, 1786, Lady Craven alimpelekea mchoro wa ngome halisi iliyoko huko, naye akashangaa kwamba ipo.

Jumba bovu la kweli lilikuwa la kwao. Houghton lilikuwa limefika kwa George, mwana wa kaka yake, mtu wa farasi na kamari. Mwaka 1773 George alipatwa na wazimu, na Horace, baba yake mdogo, akalazimika kwenda kusimamia. Barua aliyoandika kutoka huko inauma kuliko ukurasa wowote wa Otranto. Ngazi mbili kuu zimeachwa wazi kwa jua na mvua. Vyumba vya pembeni vinaoza kwa unyevu. Dari la ukumbi wa picha liko hatarini kuanguka. Sehemu ya kanisa haina paa. Bustani imekuwa malisho, upupu na magugu vimeifunika nusu ya uwanja, kuta na nyua zimelala. Mtu aliyejenga gofu la karatasi kwa kujifurahisha alisimama mbele ya gofu la mawe la baba yake, hakuwa na la kufanya.

George alipona, na mwaka 1779 akaiuza michoro ya babu yake, zaidi ya 200, kwa Malkia Catherine wa Urusi, kwa fedha zilizopita pauni 40,000. Miaka miwili kabla ya hapo John Wilkes alikuwa amelisihi Bunge liinunue iwe mali ya taifa. Bunge halikuinunua. Michoro ikaenda St. Petersburg, na Horace, aliyekuwa ameandika kitabu kizima kuieleza alipokuwa kijana, akabaki na kitabu.

Waliomfuata katika uandishi walilielewa swali lake. Clara Reeve, mwaka 1778, aliandika habari za mrithi aliyenyang'anywa jumba. Ann Radcliffe alilipwa pauni 500 kwa The Mysteries of Udolpho, 1794, ambamo Montoni anamfungia mkewe ngomeni, katika milima ya Italia, ili amwandikie mashamba yake. Mwaka 1839 Edgar Allan Poe, Marekani, aliufanya ukoo na nyumba kuwa na jina moja, ufa ukapita ukutani na vyote viwili vikazama siku moja.

Lakini aliyelijibu kwa mawe ni William Beckford. Mwaka 1770, akiwa na miaka 9, alirithi mali ya baba yake: mashamba ya miwa Jamaica, yaliyolimwa na watumwa kutoka Afrika. Katika riwaya yake Vathek, iliyotoka 1786, khalifa mwenye kiburi anajenga mnara wa kufika mbinguni. Miaka kumi baadaye Beckford akaanza kujenga wa kwake huko Wiltshire. Fonthill Abbey lilikuwa jumba la Kigothi kubwa kama kanisa kuu, lenye mnara wa zaidi ya mita 80. Alikuwa na haraka. Watu walifanya kazi usiku kwa mwanga wa mienge. Sukari iliposhuka bei na deni likapanda, akaliuza mwaka 1822. Tarehe 21 Desemba 1825 mnara ulijikunja na kuporomoka, ukabomoa sehemu kubwa ya jengo. Leo kimebaki kipande kidogo cha upande mmoja, kati ya miti.

Nikisoma habari hiyo sihitaji mzimu. Kila jiwe la Fonthill lilinunuliwa kwa miili ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote ndani ya nyumba ile. Kama utabiri wa Otranto ungetumika Wiltshire, wenye nyumba wa haki wangekuwa wengi mno kuenea katika jumba lolote la Uingereza.

George alikufa Desemba 1791 bila mtoto wa ndoa, na Houghton, ambalo kitinda mimba hakuwahi kulitarajia, likamwangukia Horace akiwa na miaka 74, mgonjwa wa jongo, pamoja na madeni na cheo cha ukabaila. Hakwenda kuishi huko. Alifariki London tarehe 2 Machi 1797, akapelekwa Norfolk kuzikwa pamoja na baba yake, katika kanisa lile la kijiji kilichobomolewa. Vitu vya Strawberry Hill vilipigwa mnada mwaka 1842 kwa siku 24. Nyumba ya fito na karatasi, kinyume na matarajio ya kila aliyeicheka, bado imesimama; ilikarabatiwa na kufunguliwa tena kwa umma mwaka 2010.

Mwaka 2013 makumbusho ya Hermitage ya St. Petersburg yalikubali kuazima michoro kadhaa ya Robert Walpole irudi Houghton kwa maonyesho. Ilitundikwa kwenye kuta zilezile, mahali palepale ilipokuwa kabla ya 1779. Watu walikuja kuitazama tangu Mei hadi Novemba. Kisha ikashushwa, ikafungwa masandukuni, ikarudishwa Urusi kwa wenyewe.